Saa Yenye Namba Mbili

11 Januari

Bi Kwa Nini, dada yangu,

Nakuandikia kabla Mama hajaniuliza mara ya tatu kama nimekuandikia. Sisi wazima. Goti la Mama limepoa kidogo, ila bado kuinuka kitini mpaka ashikwe mkono, na akishainuka anakaa tena kwa sababu amesahau alichokuwa anakifuata. Wifi yako amerudi darasani Jumatatu na sauti imeshamkauka. Watoto sitini, wewe unafikiri mchezo? Mimi nipo dukani, kazi zimejaa, saa zimejipanga mezani zinasubiri zamu.

Sasa sikiliza. Mama ametangaza mtaa mzima kwamba ifikapo Juni utakuwa profesa. Muuza magazeti anajua, kinyozi anajua, hata yule jirani tusiyesalimiana naye anajua, maana Mama alimsalimia ili amwambie. Jana mteja kaniuliza, "Dada yako profesa wa nini?" Nikasema wa hesabu. Akasema, "Hesabu si zilishakwisha? Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Zimebaki zipi?" Nikakohoa, nikashika lenzi, nikajifanya natazama saa yake mpaka akanyamaza.

Aibu gani hii? Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu kwa magurudumu ya saa mbovu ya Baba, na leo sijui unafanya nini huko. "Nadharia ya namba na jiometri ya aljebra." Nililiandika kwenye kikaratasi ulipolitaja kwenye simu, nimekibandika juu ya meza yangu ya kazi. Ukilisoma haraka utadhani ni dawa ya tumbo.

Kwa hiyo nitumie kipande kimoja cha kazi yako. Kidogo, ambacho mtu aliyeacha shule akaingia kwenye saa anaweza kukishika. Na usiniambie utanieleza ukija. Hilo la "nikija" tumelisikia miaka minne sasa. Kwanza ilikuwa ukimaliza sura ya pili, halafu ukimaliza makala, siku hizi nasikia ni ukishapata kiti cha uprofesa. Mwisho tutakuja kukuona kwenye stempu.

Kwenye simu Mama hunipokonya, kwa hiyo barua ndiyo yetu sisi wawili. Wifi yako humsomea Mama ukurasa wa kwanza kwa sauti ya darasani. Ukiwa na la siri, liweke ukurasa wa pili.

Kaka yako,
Fundi


2 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo zake mbili, ya goti na ya mdomo. Wifi mwambie anywe maji ya uvuguvugu, aache kushindana na watoto. Mimi mzima. Bado niko kwenye ile ofisi ninayokaa pamoja na mashine ya nakala. Kila anayekuja kutoa nakala ananiuliza karatasi ziko wapi, na nimeshaacha kueleza kwamba mimi si wa karatasi. Nawaonyesha tu.

Umeniomba kipande cha kazi, chukua. Usije ukasema nakudharau.

Saa ya ukutani ina namba kumi na mbili, ikizimaliza inaanza upya. Hilo unalijua kuliko mimi. Sasa fikiria saa yenye namba saba tu, kuanzia sifuri mpaka sita. Humo nne ukijumlisha na tano hupati tisa, unapata mbili, kwa kuwa mshale umeshazunguka. Nne mara tano ni sita, kwa sababu hiyo hiyo. Mimi napenda saa ambazo idadi ya namba zake ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea bila mwisho. Kwa kila saa natafuta jozi za x na y zinazofanya pande hizi mbili zilingane:

y² + xy + y = x³ + x² − 10x − 10

Ukishazipata jozi zote, zihesabu, halafu ongeza moja. Hiyo moja ni jibu lililo mbali sana, kule unakotokomea mstari wa mlinganyo ukiuchora. Halionekani, lakini halikosi kufika. Lichukulie kama mgeni wa kuchelewa, mwekee kiti chake. Basi hapo idadi itagawanyika kwa nane. Kila saa! Ruka tu saa yenye namba tatu na ile yenye namba tano, kwa sababu humo mstari unajifunga fundo na hesabu inaharibika.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mlinganyo ni namba, lakini ukiuchora ni umbo. Kuna watu wanakaa chumba cha namba, wengine wanakaa chumba cha maumbo, mimi nimesimama mlangoni kati yao napigwa na upepo wa pande zote mbili.

Ukurasa wa pili. Mlinganyo huo ni kitinda mimba wa ukoo mkubwa sana. Kanuni yangu inasema ukoo mzima una tabia moja: kila mlinganyo una namba yake, na katika kila saa isiyo na fundo, majibu yanagawanyika kwa namba hiyo. Nimeitolea miaka sita na kurasa themanini na nne. Wahakiki wawili wameisoma, jarida limeikubali. Baraza la chuo linakaa tarehe kumi na mbili Juni. Kiti kimoja, watu wawili. Mwenzangu anahesabu mwendo wa maji kwenye mabomba, na mabomba kila mtu anayaona. Mimi nina kanuni hii tu. Ikisimama, kiti ni changu. Lakini mwambie Mama apunguze sauti, mtoto hasherehekewi kabla hajazaliwa.

Dada yako


9 Machi

Bi Kwa Nini,

Mama anasema asante kwa shikamoo ya goti, ile ya mdomo amekurudishia. Wifi yako hajambo, maji ya uvuguvugu amekunywa siku mbili akaona yanachosha. Kazi dukani zimejaa kama kawaida.

Mlinganyo wako nimeubandika chini ya kile kikaratasi cha dawa ya tumbo. Nilikata vipande vya kadibodi, nikachora saa moja moja, nikaweka mshale wa kweli katikati ili nisidanganywe na kichwa. Ya saba ilinitesa siku nne. Mara ya kwanza nilipata kumi na moja, nikakutukana. Mara ya pili nikapata tano, nikajitukana. Mara ya tatu nikapata saba, na mgeni wako nane! Nilipiga ukelele, mtu aliyekuwa anaingia dukani akageuza njia.

Ikanikolea, dada. Ya kumi na moja: majibu kumi na tano, na mgeni kumi na sita. Ya kumi na tatu, kumi na sita. Ya kumi na saba, kumi na sita. Ya kumi na tisa, kumi na sita. Nilijaribu kila jozi, sikuruka hata moja, maana sijui njia zenu za mkato. Wifi yako aliniuliza kwa nini naongea na kadibodi. Nikamwambia kadibodi inanisikiliza. Chakula cha jioni kilichelewa siku hiyo, na wala si kwa bahati mbaya.

Sasa kuna kitu kimoja. Fundi akifungua saa haanzi na gurudumu kubwa. Anaanza na dogo, kwa sababu dogo ndilo linalozunguka sana na ndilo linalolika kwanza. Wewe ulisema niruke tatu na tano. Mbili hukusema. Kwa hiyo nilianza na saa ya mbili, ile yenye sifuri na moja basi. Sifuri na sifuri, inakubali. Sifuri na moja, inakubali. Moja na sifuri, inakubali. Moja na moja, inakataa. Majibu matatu, na mgeni ni nne.

Nne haigawanyiki kwa nane, nilivyofundishwa mimi. Labda huko kwenu inagawanyika. Nilidhani nimekosea, nikaiweka kando, na kila nilipomaliza saa nyingine nikairudia. Bado nne. Nimekosea wapi, mwalimu?

Kaka yako,
Fundi


20 Mei

Dada,

Mama mzima. Wifi mzima. Mimi mzima. Muuza magazeti mzima. Nimeona nimalize salamu zote mapema, labda barua ya Machi ilikushinda kwa urefu wa salamu.

Wiki kumi! Posta si mbali hivyo, hata ingekuwa inakwenda kwa magoti. Kwenye simu ulikaa dakika moja na nusu, niliipima, maana kupima ndiyo kazi yangu. Mama alikuuliza habari, ukasema nzuri. Alikuuliza kiti, ukasema bado. Alikuuliza kama unakula, ukasema ndiyo, na Mama akakata simu akasema, "Huyu hali." Sijui alijuaje.

Basi nimefikiri sana, nikaona nikuandikie hivi. Ile saa ya mbili niliyokuletea Machi, ifute. Nimehesabu upya kwa utulivu. Nilikuwa nimechanganya makaratasi, nikasoma ya saa nyingine. Majibu ni saba, na mgeni ni nane. Kanuni yako iko sawasawa, wala hakuna haja ya kumsumbua mtu yeyote. Karatasi ile ichane. Mimi ni fundi saa, macho yenyewe haya ya lenzi, usinisikilize.

Tarehe kumi na mbili Juni tutakuwa tumekaa karibu na simu. Mama ameshaamua atavaa nini kuipokea.

Kaka yako


6 Juni

Kaka,

Hii Mama asisomewe hata ukurasa wa kwanza. Wifi amwambie mwandiko wangu umeharibika. Mimi mzima, na Mama alikuwa sahihi, nilikuwa sili. Sasa nakula.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako, Fundi, imeishia kizingitini. Unaniambia kwenye saa ya mbili umepata majibu saba? Saa ya mbili ina sifuri na moja. Jozi zake ni nne tu duniani na ahera. Hata zote nne zingekubali, na mgeni akafika na mizigo yake, ni tano. Hizo saba umezitoa wapi, mfukoni? Nilicheka mpaka mtu wa ofisi ya pili akagonga ukuta. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu niliona ulichokuwa unanifanyia. Na nikaona la pili, baya zaidi: kanuni yangu kwenye saa ya mbili haikuhitaji hata kuhesabiwa. Idadi isiyozidi tano itagawanyikaje kwa nane? Mtoto wa darasa la wifi angeniambia. Mimi miaka sita sikuona, na wahakiki wawili hawakuona.

Unataka kujua ilikuwaje? Ni mazoea yetu. Namba mbili ni mkorofi, sote tunamjua, kwa hiyo kila hoja tunaianza kwa kusema, "Mbili tumwache kwanza, tutamrudia." Unamwacha, unaendelea na wenzake, wanakwenda vizuri, unafurahi. Ukurasa wa thelathini na moja unaandika, "Ni wazi kwamba hali ni hiyo hiyo kwa saa zote." Naye bado yuko nje anasubiri ulipomwacha. Hata kompyuta niliiambia ianze na saba. Mlinganyo mmoja peke yake usingenidanganya, lakini mimi nilikuwa nautazama ukoo mzima, na mtoto mdogo sikumwangalia usoni. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Barua yako ya Machi niliisomea kwenye ngazi, nimesimama. Nikaisoma tena. Nikaiweka kwenye droo, chini ya kamusi. Nikuambie kweli: nilikukasirikia. Nilikupa mchezo, nani alikutuma uchunguze? Wiki ya kwanza nilitafuta kiraka. Wiki ya tatu nilijua hakuna kiraka. Baada ya hapo sikutafuta tena, nilikuwa nahesabu siku za kufika tarehe kumi na mbili. Hakuna mwingine aliyeona. Nilijiambia nitakaa kwanza kwenye kiti, kisha nitasahihisha taratibu, kimya kimya. Ndipo ikaja barua yako ya Mei. Ulinifungulia mlango wa nyuma, Kaka, ukasimama pembeni umeushika. Wewe, ambaye hujawahi kumdanganya mteja hata juu ya betri. Nililia. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto.

Leo nimeandika barua tatu. Ya kwanza kwa jarida, kuiondoa makala. Ya pili kwa mwenyekiti wa baraza, kumwambia kanuni ina shimo na mahali shimo lilipo. Nimezitia kwenye sanduku la posta kwa mkono wangu. Ya tatu ni hii.

Sasa zamu yako. Saa ya mbili ina jozi nne. Ya saba, arobaini na tisa. Ya kumi na moja, mia moja ishirini na moja. Ukiongeza zile tatu kubwa, umejaribu jozi mia tisa tisini na tatu, kwa mkono, kwa mshale wa kadibodi, mchana, dukani, nyingine mara mbili na tatu. Mtu ambaye kazi zimemjaa hapati nafasi hiyo. Tangu lini duka halina watu?

Dada yako


1 Julai

Dada yangu,

Umenikamata kwa hesabu yangu mwenyewe. Sawa.

Kwanza habari za nyumbani, maana adabu ni adabu. Tarehe kumi na mbili Mama alikaa na simu mapajani tangu asubuhi, amevaa alichoamua kuvaa. Ulipopiga ukasema wamempa kiti mtu wa mabomba, akakwambia pole mwanangu, akakata. Halafu akamgeukia wifi yako: "Nisomee na zile kurasa za pili." Kumbe alikuwa anajua siku zote kwamba zipo! Wifi yako alinitazama, mimi nikatazama dari. Akamsomea zote, mpaka ile ya mwandiko mbaya. Alipofika kwenye saa ya mbili, Mama akasema, "Alipokuwa na miaka sita aliniambia mbili na mbili ni tano, nikamkatalia, akalia siku nzima. Leo mbili imemlipizia." Akacheka mpaka akashika goti. Usiku wifi yako alimsikia anakuombea kwa jina lako la utotoni, lile usilotaka litajwe, na mimi silitaji.

Mtaani amepeleka taarifa rasmi. Anasema profesa ameahirishwa kwa sababu anahesabu upya, na kwamba wengine hawahesabu upya ndiyo maana wamewahi. Mtu wa mabomba anamsalimia, lakini kwa mbali.

Sasa duka. Tangu mwaka juzi, dada. Watu wanatazama saa kwenye simu. Wanaokuja ni wa betri na mikanda, na mmoja mmoja mwenye saa ya marehemu baba yake. Nusu ya dirisha nimempa mama anayeuza makava ya simu. Simu ndiyo iliyoniondolea wateja, na sasa tunakaa naye dirisha moja tunaamkiana. Nilisema kazi zimejaa kwa sababu wewe ungesema basi njoo huku, au ungerudi nyumbani ukaacha yako. Na pia kwa sababu mtu akisema kazi zimejaa, anajiona ana kazi. Mlinganyo wako ulipofika, mikono ilikuwa imekaa bure wiki nzima. Niliushika kama mkate.

Na kuna jingine, nalo ni gumu kidogo. Ile siku ya Machi nilipopata nne kwa mara ya sita, nilijua sijakosea. Vitu vinne, nani anakosea? Nilifurahi. Nisamehe. Kama saa nzima nilikaa nafurahi kwamba mimi, Fundi, nimeona kitu ambacho dada yangu hakukiona. Halafu nikakumbuka kiti chako, na furaha ikaishia hapo. Nikakuandikia kwa utani, nikitumaini utanicheka na kunionyesha nilipopotoka. Hukucheka. Ndiyo maana nikadanganya, na hata kudanganya sikujua.

Wifi yako anasema fundi saa kusema saba kati ya nne, kibao cha dukani kishushwe.

Kaka yako


14 Oktoba

Kaka Saba-Kati-ya-Nne,

Shikamoo. Jina hili ni lako mpaka uzeeni, zoea mapema. Mama mpe shikamoo zote, na umwambie mtu wa mabomba ni mpole, juzi alinisaidia kuitengeneza mashine ya nakala. Wifi nimemtumia dawa ya koo kwa posta, ya kweli, siyo ya tumbo.

Bado niko kwenye ofisi ile ile, na watu bado wananiuliza karatasi. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nikipita ukumbini watu wananipisha, kama wanavyompisha mtu aliyefiwa. Kiti kingine hakijulikani lini. Sitakudanganya kwamba haiumi. Inauma, hasa asubuhi.

Lakini sikiliza kilichotokea. Kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, nilimrudia mbili, nikakaa naye peke yake Julai yote na Agosti. Mlinganyo wako una majibu manane ya asili, ya kuzaliwa nayo hata bila saa yoyote, mgeni wa mbali akiwa mmoja wao. Kwenye saa nyingine zisizo na fundo kila mmoja ana kiti chake, ndiyo maana idadi inagawanyika kwa nane. Kwenye saa ya mbili nafasi ni ndogo. Hawapotei, Kaka. Wanakaa wawili wawili. Nane wale wale, viti vinne. Ile nne yako ndiyo hiyo, wala haikuwa kosa la mtu!

Na nilipoelewa hivyo kwa mtoto mdogo, nikaona ukoo wote unafanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake, na namna hiyo inaweza kuandikwa. Kurasa kumi na tisa mpya. Ukurasa wa thelathini na moja umekufa, na mahali pake pana kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Jarida limeipokea wiki iliyopita. Mwishoni, mahali pa shukrani, nimeandika: "Mwandishi anamshukuru kaka yake, fundi saa, aliyeanza na ndogo." Mhariri aliniuliza kama maneno "fundi saa" yameingia kwa bahati mbaya. Nikamjibu yasiguswe.

Nimekuwekea mlinganyo mwingine kwenye karatasi ya kijani. Huu sijui jibu lake, na huku hakuna anayejua. Wenzangu wote wataanza na saba. Nakuomba uutazame, kwa kazi, siyo kwa mchezo. Nikipata nafasi baada ya makala ijayo nitakuja tukae pamoja tuumalize.

Dada yako


2 Desemba

Bi Kwa Nini,

"Baada ya makala ijayo." Wifi yako aliisoma sentensi hiyo kwa sauti ya darasani, Mama akaomba irudiwe, ikarudiwa. Umejitakia mwenyewe yanayofuata.

Habari. Koo la wifi yako limepona, anatupigia kelele vizuri. Sentensi ya fundi saa aliyeanza na ndogo Mama ameinakili kwa mkono wake na kuipeleka mtaani nyumba kwa nyumba, goti na yote. Mteja yule wa hesabu zilishakwisha kaja dukani makusudi kuniambia kumbe bado zipo. Amekuja na saa ya marehemu baba yake.

Dukani nimetengeneza kitu. Nilichukua mashine ya saa ya zamani, nikaikatia uso mpya wa bati, nikaandika sifuri juu na moja chini, basi. Mshale mmoja. Inakwenda kutoka sifuri kwenda moja, kutoka moja kurudi sifuri. Nimeitundika dirishani upande wangu. Watu wanasimama. Wanauliza inaonyesha saa ngapi, nami nawaambia wakae niwaeleze, na mama wa makava anasema nimeanza kumharibia biashara kwa maelezo. Wiki hii wawili wameleta saa zao. Ni wawili tu, siwezi tena kukwambia kazi zimejaa, utazihesabu.

Inachelewa dakika mbili kwa wiki. Kosa langu hilo, usiliandike kwenye jarida. Ni yako, lakini siitumi, posta wataipinda.

Karatasi ya kijani nimeimaliza. Nimetumia kadibodi mpaka wifi yako akaficha maboksi. Nilianza na mbili. Kuna kitu nimekiona pale, dada, nikakirudia mara sita, na nina hakika nacho kama nilivyokuwa na hakika ile siku ya Machi. Nilitaka kukuandikia hapa. Mama akaniambia nimpe kwanza hiyo karatasi aione. Nikampa. Ameiweka chini ya mto wa kiti chake, akaikalia, na anasema hainuki mpaka uje umshike mkono wewe mwenyewe.

Kaka yako,
Saba-Kati-ya-Nne